Akili, Imani na Mjeledi wa Khalifa

Je, uadilifu ni jambo jema kwa kuwa Mungu ameuamrisha, au Mungu ameuamrisha kwa kuwa ni jambo jema? Mwanafunzi aweza kulidhania swali hili kuwa mchezo wa maneno. Hata hivyo, ndilo lililowagawanya wanazuoni wa Basra na Baghdad kwa vizazi vingi, na yeyote anayezungumzia Uislamu na haki za binadamu hana budi kulipitia.

Wamuutazila, ambao kwa mapokeo chanzo chao hunasibishwa na Wasil bin Ata aliyefariki mwaka 748, walishikilia kwamba akili hutambua jema na baya hata pasipo wahyi. Dhuluma ni mbaya yenyewe. Na Mungu, madhali ni Mwadilifu, hamwadhibu mja kwa tendo asilokuwa na hiari nalo. Abul Hasan al-Ashari, aliyekuwa mmoja wao kabla ya kuwaacha, akapinga: mwanadamu ni nani hata amwekee Muumba wake mipaka? Jema ni lile aliloliamrisha.

Mimi naegemea jibu la kwanza. Ikiwa ubaya wa dhuluma hujulikana kwa akili, basi Mwislamu na asiye Mwislamu waweza kuketi jamvi moja wakakubaliana kwamba kumtesa mfungwa ni uovu, kila mmoja akibaki na dini yake.

Lakini wapenzi wa akili nao wana deni. Mwaka 833 Khalifa al-Maamun aliamuru makadhi na wanazuoni wahojiwe iwapo wanakiri kwamba Kurani imeumbwa, kama walivyofundisha Wamuutazila. Wengi walikiri kwa hofu. Ahmad bin Hanbal alikataa, akitaka aletewe dalili kutoka katika Kitabu au Sunna. Chini ya al-Muutasim, khalifa aliyefuata, alipigwa mijeledi. Wapo wasemao kwamba hiyo ilikuwa siasa tu, khalifa akiwania mamlaka juu ya wanazuoni. Yamkini. Ila kadhi mkuu wa al-Muutasim, Ahmad bin Abi Duad, aliyeshiriki katika mahojiano hayo, alikuwa Mmuutazila. Waliohubiri hiari ya mja waliwanyima wenzao hiari ya kusema “hapana”!

Zaidi ya karne kumi na moja baadaye mjeledi ulikuwa umebadilisha mkono. Nasr Hamid Abu Zayd, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cairo ambaye utafiti wake wa mwanzo ulihusu Wamuutazila na lugha ya mafumbo katika Kurani, alishtakiwa kwa maandishi yake. Mwaka 1995 mahakama ya rufani ilimhukumu kuwa ameritadi, ikaivunja ndoa yake na Ibtihal Yunis, ilhali mume na mke hawakutaka kuachana. Walihamia Uholanzi, naye akafundisha Leiden. Alifariki Cairo mwaka 2010.

Aghalabu wanafunzi wetu hukariri majina ya madhehebu na miaka, kisha huyasahau baada ya mtihani. Mwalimu na awaweke Ibn Hanbal na Abu Zayd katika somo moja, aisome aya ya 256 ya Sura al-Baqara, isemayo juu ya kulazimishana katika dini, kisha awaulize wanafunzi: ni yupi kati ya wawili hawa ambaye mngemtetea, na je, mngemtetea hata kama hamkubaliani naye?