UMUHIMU WA KUHIFADHI KUMBUKUMBU ZA UKOO

Wahenga walisema kuwa mali bila ya daftari hupotea bila ya habari. Msemo huo haukuwahusu wafanyabiashara peke yao. Katika nyumba nyingi za Unguja na Pemba zimo hati, barua na picha zilizofungwa makashani, na wapo wazee wanaojua yasiyoandikwa popote. Mzee anapofariki kabla ya kuulizwa, ujuzi wake huzikwa pamoja naye.

Sababu ya kwanza ya kuhifadhi kumbukumbu hizo ni mirathi. Kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu, mwenye kurithi ni yule aliyekuwa hai wakati marehemu alipofariki. Shamba linapokaa miaka mingi bila ya kugawiwa, warithi wa mwanzo nao hufariki, na haki ya wajukuu hutegemea kujua nani alitangulia kufa. Tarehe moja isiyoandikwa yaweza kuwagombanisha ndugu wa tumbo moja.

Sababu ya pili ni ardhi. Baada ya Mapinduzi ya 1964, Serikali iligawa mashamba ya eka tatu tatu kwa wananchi. Wengi waliopewa wamekwisha fariki, na mipaka iliyojulikana kwa mti au njia ya miguu haionekani tena. Aidha, kwa desturi za Visiwani, mti waweza kuwa na mwenyewe na ardhi ikawa na mwengine. Mambo hayo huhitaji ushahidi wa maandishi.

Sababu ya tatu ni ndoa. Walionyonya ziwa moja ni ndugu, na haijuzu kuoana. Udugu huo hauandikwi katika cheti cha kuzaliwa. Unajulikana kwa wakubwa wa nyumba tu.

Sababu ya nne ni historia ya nchi. Nyaraka za Taifa zilizopo Kilimani zimehifadhi barua na kumbukumbu za tawala zilizopita. Hata hivyo, kumbukumbu za utawala hazielezi kila kitu. Inafahamika kuwa kimbunga cha 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Lakini ni ukoo gani uliohama, na nani aliyepanda upya, hayo hubaki katika masimulizi ya familia.

Njia za kuhifadhi si ghali. Majina, mahali na mwaka viandikwe nyuma ya picha kwa penseli, bila ya kukandamiza. Hati ziwekwe katika sanduku kavu lililoinuliwa kutoka sakafuni, mbali na mchwa na ukuta wenye unyevu. Hati iliyochanika isibandikwe kwa gundi wala utepe wa plastiki, kwani huiharibu zaidi. Nakala iwekwe katika nyumba nyengine. Sauti za wazee zirikodiwe kwa ridhaa yao, na yaliyosemwa yaandikwe daftarini, kwani simu huharibika na kupotea.

Si kila la zamani ni la kutangazwa. Yapo ya aibu na ya uchungu, na hayo yaandikwe kwa uadilifu na kutunzwa kwa siri.

Watumishi wanaoshughulikia ardhi, vizazi na vifo wanajua uzito wa karatasi moja iliyotunzwa. Kila mwenye mzee nyumbani anakumbushwa kukaa naye na kumuuliza, maadamu bado yupo wa kujibu.