Ngozi Ndiyo Ngao ya Mchezaji

Vijana wa vyuo vya Migori na Homa Bay, kama vile Chuo Kikuu cha Rongo na Chuo Kikuu cha Tom Mboya, hujitayarisha kwa bidii kabla ya mashindano. Lakini yuko adui asiyefungwa kwa mbio wala kwa nguvu, naye ni maradhi ya ngozi.

Ngozi nzima ni ngome. Mchezaji aangukapo juu ya ardhi kavu huchubuka, na hapo mlango hufunguka. Vijidudu viletavyo majipu, viitwavyo stafilokoki, hukaa bila madhara puani mwa watu kama 3 katika kila 10. Vikipenya kwenye mchubuko huleta uvimbe na usaha. Vikiingia katika damu vyaweza kuua. Choa, ambacho wengine hukiita mashilingi, huletwa na kuvu, wala si mnyoo. Nacho hustawi penye joto na jasho. Upele nao huletwa na wadudu wadogo mno wachimbao ngozini. Aliyeupata mara ya kwanza aweza kukaa majuma 4 hata 6 bila kuwashwa, huku akiwaambukiza wenzake bwenini.

Mwaka 2003, huko Marekani, wachezaji 5 wa timu ya St. Louis Rams walipatwa na majipu yasiyosikia dawa za kawaida. Wachunguzi waliona kwamba yote yaliota mahali palipochubuka kiwanjani. Tena waliona wachezaji hata 3 wakitumia taulo moja. Ikiwa timu tajiri yenye waganga wake ilipatwa hivyo, vyuo vyetu vina sababu kubwa zaidi ya kujihadhari.

Kwa hiyo yafaa kila mchezaji ashike mambo haya:

1. Aoge kwa maji safi na sabuni mara baada ya mchezo. Ziwa si bafu: maji ya ukingoni yaweza kuwa na kichocho, ambacho hupenya hata katika ngozi nzima.

2. Asiazime wala kuazimisha taulo, jezi, soksi wala wembe. Jezi zifuliwe kila baada ya mchezo na kuanikwa juani.

3. Mchubuko uoshwe kwa sabuni mara moja, ukaushwe na kufunikwa kwa bandeji safi.

4. Akaushe vizuri katikati ya vidole vya miguu kabla ya kuvaa viatu.

5. Asikamue jipu, wala asijinunulie dawa ovyo. Dawa nyingine za kupaka hupunguza mwasho wa choa tu, huku choa chenyewe kikienea.

Upele ukitokea, wote wanaolala pamoja hawana budi kutibiwa kwa wakati mmoja. Akitibiwa mmoja peke yake, utamrudia. Na mwenye homa, au jipu linalozidi kuvimba, aende hospitali siku ile ile.

Manahodha na walimu wa michezo wasimcheke mchezaji aonyeshaye kidonda chake. Aibu humfanya mtu afiche, na ugonjwa uliofichwa huwapata wote. Usipoziba ufa utajenga ukuta.