Wito Husikilizwa na Wazee: Njia ya Uchungaji Nyeri

Kijana wa Nyeri anayesema Mungu amemwita hapelekwi chuoni kwanza. Hupelekwa kwa wazee. Wa kwanza kuambiwa ni mzee wa kanisa wa mtaa wake, naye hata akifurahi haonyeshi. Atamwambia aendelee kufundisha shule ya Jumapili, asikose maziko ya majirani, aonekane. Muda ukipita, jina lake hufika kwenye kikao cha wazee, kisha kwenye presbiteri, baraza la makanisa ya eneo hilo, na presbiteri ikiridhika ndipo habari za chuo zinapotajwa. Kwa Wapresbiteri wa Mlima Kenya, waumini wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki (PCEA), wito wa mtu mmoja ni shauri la watu wengi.

Aliyezoea habari za Kilimanjaro atauliza: mbona Wapresbiteri na si Walutheri? Mlima wa jirani, Kilimanjaro, ulipata Walutheri mapema, tangu wamisionari wa Leipzig walipoingia Uchagani mwaka 1893. Kenya ilikuwa tofauti. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Uswidi walianza Itierio, Kisii, mwaka 1948, na kufikia hapo Mlima Kenya ulikwisha kuwa na wenyewe. Wakatoliki wa Consolata walifika Tuthu mwaka 1902, na mwaka uliofuata wakawa Nyeri. Waanglikana walishika Weithaga na Kahuhia. Waskoti, wakitokea Thogoto, wakajenga misheni Tumutumu, karibu na Karatina. Mwaka 1913 Waprotestanti walikutana Thogoto wakajaribu kuungana, jambo lililomkasirisha Frank Weston, askofu wa Zanzibar, hata akawashtaki maaskofu wenzake wa Mombasa na Uganda kwa uzushi. Muungano ulikwama lakini mipaka ya maeneo ya misheni ikabaki. Hadi leo, ukimuuliza mtu ametoka upande gani wa mlima, unaweza kukisia nyanya yake alibatizwa na nani.

Waskoti walikuja na utaratibu wa kanisa linaloongozwa na wazee, wakaukuta umma uliozoea kuongozwa na wazee. Mwanamume wa Kikuyu alipanda ngazi za kiama, yaani baraza la wazee, kwa kutoa mbuzi, daraja baada ya daraja, mpaka akafikia umri wa kuomba chini ya mugumo, mti mtakatifu, akielekea Kirinyaga, yaani Mlima Kenya. Kanisani mbuzi waliondolewa, mugumo ukaachwa, lakini mwenendo wa kikao ulibaki: mkubwa hasemi kwanza, mdogo hakatizi, na neno likishakubaliwa halirudiwi nje. Kijana anayehojiwa na wazee hao hapati maswali ya teolojia. Hayo ni ya wachungaji, na yatakuja baadaye. Hapa ataulizwa aliokoka lini, nyumbani wanasemaje, na kama kuna mtu anayemdai. Wakati huohuo uongozi wa PCEA, miaka hii ya karibuni, umewakataza wazee wake wasiingie katika viama vinavyofufuliwa mlimani kwa mbuzi na viapo. Naielewa marufuku hiyo. Lakini kanisa linalokataza kiama lijue pia kwamba heshima ya kikao chake lilirithi hukohuko.

Swali la kuokoka lina historia yake. Mwishoni mwa miaka ya 1930 uamsho uliotokea Rwanda na kupitia Uganda uliingia nchi ya Wakikuyu, na pamoja nao wimbo wa Tukutendereza. Kabla ya hapo Mkristo alikuwa msomi: aliyejua kusoma na aliyemaliza katekisimu. Uamsho ulidai zaidi. Mtu alisimama mbele ya wenzake, akataja siku, akataja dhambi kwa jina lake, akarudisha alichoiba. Tangu hapo imani ya moyoni, ambayo mtu angedhani ni siri yake na Mungu, mlimani huwekwa wazi ili ipimwe. Jirani aliyekaa benchi la nyuma anajua kama ile fedha ya ushirika ilirudishwa.

Kipimo kikali kuliko vyote kilikuja na hali ya hatari mwaka 1952. Wengi wa hao waliookoka walikataa kiapo cha Mau Mau, wakisema walikwisha kunywa kikombe cha Bwana na hawawezi kunywa kingine. Baadhi yao waliuawa. Wengine, katika makanisa hayohayo, walikula kiapo na hawakuacha kuomba. Mimi siwezi kuwapanga hawa mbele na wale nyuma.

Kungoja nako ni sehemu ya njia hii, na si kila mara kulikuwa kwa haki. Waafrika wa kwanza wa misheni ya Waskoti, Musa Gitau na wenzake, waliwekewa mikono kuwa wachungaji mwaka 1926, miaka 28 baada ya misheni kukaa Thogoto. Miaka mitatu baadaye ukaja mgogoro wa tohara ya wasichana. Misheni ikataka watu watie alama ya kidole kuukataa utamaduni huo, na waumini wakatoka kwa wingi. Waliotoka walikuwa na shule, walikuwa na watu, ila hawakuwa na wachungaji waliobarikiwa. Ilibidi wamwite Askofu Mkuu Daniel William Alexander kutoka Afrika Kusini, akaja mwaka 1935, akawafundisha wanafunzi Murang'a, na mwaka 1937 akawabariki. Jambo hilo linaonyesha uzito wa kuwekewa mikono: hata aliyeasi misheni hakudhani angeweza kujivika joho mwenyewe.

Wapo wanaosema njia ndefu namna hii huzaa wachungaji wanyenyekevu kupita kiasi. Timothy Njoya, mchungaji wa PCEA mzaliwa wa Nyeri, ni jibu tosha. Tarehe 1 Januari 1990, katika kanisa la St. Andrew's Nairobi, alihubiri kwamba tawala za chama kimoja za Ulaya Mashariki zimeanguka na za Afrika zitafuata. Julai 1997 alipigwa na polisi ndani ya kanisa kuu la All Saints. Njia ilikuwa ndefu zaidi kwa wanawake: hao, waliokuwa wakijaza makanisa haya tangu mwanzo, walingoja mpaka mwaka 1982 ndipo Nyambura Njoroge akawa mwanamke wa kwanza kubarikiwa uchungaji katika PCEA. Kungoja huko hakukumpima mtu yeyote. Kulikuwa kuchelewa tu.

Siku ya kubarikiwa yenyewe ni ya kijiji kizima. Karo ya Limuru, kwenye chuo cha St. Paul's kilichoanzia Frere Town mwaka 1903, ilichangwa kwa harambee, kwa hiyo kila aliyetoa gunia la viazi anakuja kumwona mchungaji wake. Kina mama wa chama cha kanisa wamefunga vitambaa vyeupe. Chai ya maziwa inachemka kwenye sufuria kubwa, mukimo umefunikwa kwa majani ya ndizi. Kijana anapiga magoti, wachungaji wanamzunguka, mikono inarundikana kichwani mwake mpaka shingo inainama kwa uzito. Akisimama, kola nyeupe shingoni, mama yake humwita Mchungaji kama wengine wote.

Charles Muhoro Kareri alipita njia hiyo Tumutumu: mwanafunzi, mwalimu, mchungaji, mmoja wa waliotafsiri Biblia kwa Kikuyu, na hatimaye moderata wa kwanza Mwafrika wa kanisa hili. Aliandika maisha yake kwa Kikuyu, na kitabu kikatoka kwa Kiingereza mwaka 2003. Wainjilisti wenzake waliotembea kwa miguu kutoka Karatina hadi Mukurwe-ini na Biblia begani wengi hawakuandika neno. Ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee aliyewahi kuwa mwinjilisti, chukua daftari umuulize aliokoka lini na nani aliyemhoji. Jibu hilo kikao hakikuliweka kwenye kumbukumbu zake.