Kambi ya Jazi Isiyo na Ukumbi: Vijana na Muziki wa Kusikilizana Mtandaoni

Kambi ya jazi ya majira ya joto ni mafunzo ya siku chache au wiki kadhaa yanayofanyika wakati wa likizo ndefu ya shule za Marekani, kati ya Juni na Agosti, ambapo vijana wa shule za sekondari hukusanyika na ala zao chini ya wanamuziki wakomavu ili kujifunza muziki uliochipuka miongoni mwa Wamarekani Weusi wa New Orleans mwanzoni mwa karne ya 20. Miezi hiyo, ambayo kwa wakazi wengi wa Afrika Mashariki ni miezi ya kipupwe, imetumiwa kwa kazi hii kwa muda mrefu. Kambi ya Interlochen, iliyo msituni katika jimbo la Michigan, ilianza mwaka 1928 kwa ajili ya okestra za vijana na baadaye ikaipokea jazi. Shule ya Lenox huko Massachusetts ilifundisha jazi peke yake kila Agosti kuanzia 1957 hadi 1960, na mwaka 1959 miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mpuliza saksafoni Ornette Coleman, ambaye miezi michache baadaye alizua mabishano makubwa jijini New York kwa namna yake mpya ya kupiga. Na kambi ya jazi ya Stanford, California, iliasisiwa na Jim Nadel mwaka 1972. Ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozifunga kumbi na mabweni mwaka 2020, Interlochen na Stanford ziliwaita wanafunzi wao kupitia kompyuta, na tangu hapo kambi ya mtandaoni imekuwa aina ya mafunzo inayostahili kuchunguzwa kwa sifa na kasoro zake.

Ugumu wa kambi ya namna hii hauwezi kueleweka kabla ya kueleweka jazi yenyewe inavyopigwa. Wimbo wa jazi hutoa mfumo tu, kama vile mfumo wa bluzi wenye vipimo 12, kila kipimo kikiwa na mapigo manne, pamoja na mfuatano wa kodi, yaani sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, ambao wanabendi wote wanaujua; melodi ya wimbo ikishapigwa, kila mwanamuziki hupokea zamu ya kubuni papo hapo melodi yake mwenyewe juu ya mfumo ule ule, na ubunifu huo ndio unaoitwa solo. Wakati mmoja anapiga solo, piano, besi na drams, ambazo kwa pamoja huitwa kundi la mdundo, humsikiliza, humwitikia na kumchokoza, hata solo ikawa mali ya watu wanne au watano kwa wakati mmoja. Msomaji aliyewahi kusimama mbele ya jukwaa la bendi ya dansi, akasikia gitaa la solo likijibizana na gitaa la ridhimu huku wapulizaji wakidakia, analifahamu jambo hili kwa masikio yake, hata kama Morogoro Jazz, Tabora Jazz na OK Jazz ya Kinshasa zililibeba neno jazi katika majina huku muziki wake ukitokana zaidi na rumba. Juu ya hayo kuna swingi, mwendo ambao ndani yake kila pigo hugawanywa katika visehemu viwili visivyolingana, cha kwanza kirefu na cha pili kifupi, kwa kiasi ambacho noti za karatasini hushindwa kukieleza na ambacho mwanafunzi hukipata kwa kukaa karibu na mtu anayekijua.

Hapo ndipo mtandao unapokwama, na sababu yake ni ya kimaumbile. Sauti husafiri hewani takriban mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo mpiga drams aliye umbali wa mita tano husikika baada ya milisekunde 15 hivi, milisekunde ikiwa ni sehemu moja ya elfu ya sekunde, na masikio ya wanamuziki huzoea kuchelewa kwa kiasi hicho bila wenyewe kujitambua. Programu za kawaida za mikutano ya mtandaoni huichukua sauti, huikata vipande, huibana, huituma kupitia seva, kisha huihifadhi kidogo upande wa pili ili isikatike, na kazi yote hiyo mara nyingi huzidi milisekunde 100. Katika wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika, pigo moja huchukua milisekunde 500. Ikiwa sauti inachelewa milisekunde 150 kwenda na 150 kurudi, mpiga besi aliye Chicago atasikia jibu la mpiga drams aliye Boston likiwa limechelewa zaidi ya nusu pigo. Kila mmoja atajitahidi kumsubiri mwenzake, na wimbo utazidi kuvuta miguu hadi usimame.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, akiwamo Chris Chafe, walilipima jambo hili kwa kuwaweka watu wawili wawili katika vyumba tofauti, wakawataka wapige makofi kwa kupokezana mdundo huku sauti ikicheleweshwa kwa viwango mbalimbali. Ucheleweshaji ulipozidi, mwendo ulipungua, kama mtu angetarajia; lakini ulipokuwa mfupi mno, chini ya milisekunde 10 hivi, wapigaji walielekea kuongeza mwendo, jambo linaloonyesha kwamba nafasi ndogo ya hewa iliyo kati ya wanamuziki jukwaani inasaidia kuutuliza mdundo wao. Chafe na mwenzake Juan-Pablo Cáceres ndio walioitengeneza JackTrip, programu inayotuma sauti bila kuibana, na kuna nyingine iitwayo Jamulus, ya bure, ambayo nayo inalenga kupunguza kuchelewa kwa sauti. Kwa programu hizi, vijana wanaoishi katika mji mmoja au miji jirani, wenye mkongo wa faiba, kompyuta iliyounganishwa kwa waya badala ya Wi-Fi, na hedifoni za waya pia, wanaweza kweli kupiga pamoja. Umbali mrefu hata hivyo haushindwi na programu yoyote, kwa kuwa mwanga ndani ya faiba husafiri kilomita 200,000 hivi kwa sekunde: kutoka Nairobi hadi New York, karibu kilomita 11,800 kwa mstari ulionyooka, ujumbe wa kwenda peke yake hauwezi kupungua sana milisekunde 60, na mkongo halisi chini ya bahari haupiti mstari ulionyooka.

Tatizo la pili ni dogo kuliko hilo, lakini limewavunja moyo vijana wengi. Programu za mikutano zilitengenezwa kwa ajili ya maneno, na zimefundishwa kuondoa kila kinachofanana na kelele za nyuma, kama feni au gari linalopita, kwa hiyo noti ndefu ya saksafoni inayodumu bila kubadilika huhesabiwa kuwa kelele na kufifishwa, matoazi ya drams hupotea kabisa, na mwalimu hubaki akimhukumu mwanafunzi kwa sauti ambayo mwanafunzi huyo hakuipiga. Zoom iliongeza baadaye mwaka 2020 mpangilio maalumu wa sauti ya muziki, na kambi yoyote makini huanza siku ya kwanza kwa kuwaelekeza wanafunzi jinsi ya kuzima usafishaji huo wa sauti na mahali pa kuiweka maikrofoni.

Mbinu ambayo umma umeizoea zaidi ni ile ya video ya bendi kubwa, ambamo kila kijana huonekana katika kisanduku chake akipiga sehemu yake nyumbani, naye fundi huziunganisha sehemu hizo zote zikaonekana kama zimepigwa pamoja. Video hizo hupendeza na wazazi huzifurahia, lakini kwa upande wa mafunzo ya jazi zina udhaifu mkubwa, kwa sababu kila mmoja alipiga akifuata mdundo wa mashine masikioni mwake, hakumsikia mwenzake, wala hakuweza kubadilisha chochote kutokana na alichosikia. Mbinu iliyo bora zaidi, ingawa haina mvuto wa kuonyeshwa, ni kurekodi kwa zamu: mpiga drams hurekodi kwanza, humtumia mpiga besi, naye huisikiliza rekodi hiyo mara kadhaa kabla ya kuongeza yake, kisha hufuata piano, na mwisho mpulizaji anayepiga solo, baada ya hapo mzunguko hugeuzwa, solo ikatangulia peke yake na drams zikalazimika kuifuata. Kijana aliyepitia mizunguko yote miwili hutambua jambo ambalo wengi hupiga miaka kadhaa jukwaani bila kulitambua, kwamba kundi la mdundo halimbebi tu mpiga solo bali husubiri kubebwa naye pia.

Mwalimu anaweza vilevile kutumia upande mmoja wa mawasiliano. Yeye hupiga piano, wanafunzi 15 huzima maikrofoni zao na kupiga juu ya piano hiyo kila mmoja chumbani kwake, ambamo sauti mbili hizo zinalingana vizuri kwa kuwa kuchelewa kumekwisha kutokea kabla piano haijawafikia. Mwalimu hawasikii wakati huo, na hilo lina manufaa yasiyotarajiwa, kwani kijana wa miaka 14 anayeona haya kukosea mbele ya wenzake hupata nafasi ya kukosea mara mia bila shahidi, akajirekodi kwa simu, na kutuma lile jaribio analolionea fahari.

Upweke huu wa chumbani si mgeni katika historia ya jazi. Inasimuliwa kwamba mwaka 1936, katika klabu ya Reno huko Kansas City, mpiga drams Jo Jones alimtupia mpuliza saksafoni Charlie Parker, aliyekuwa bado na miaka 15 au 16, toazi miguuni ili kumwondoa jukwaani baada ya kijana huyo kupotea ndani ya wimbo. Majira ya joto ya mwaka uliofuata Parker alikwenda kufanya kazi na bendi katika hoteli ya mapumziko kwenye milima ya Ozark, akiwa na santuri za bendi ya Count Basie, na huko alijifunza kwa sikio solo za Lester Young, mpuliza saksafoni wa bendi hiyo, noti kwa noti, hadi akarudi mjini akiwa mpigaji mwingine. Mwaka 1967 mwalimu Jamey Aebersold alitoa santuri ya kwanza katika mfululizo wake wa santuri zenye kundi la mdundo bila mpiga solo, ili mwanafunzi aliye peke yake ajaze nafasi hiyo, na leo programu ya simu kama iReal Pro hufanya kazi hiyo kwa kodi na mwendo wowote atakao mtumiaji. Hivyo sehemu ya jazi inayoweza kufundishwa mtandaoni ni kubwa kuliko inavyodhaniwa: kunakili solo kwa sikio, kutambua kodi, kuimba kabla ya kupiga, kujua nani alipiga nini na kwa sababu gani, na kujenga sauti yako mwenyewe katika ala. Lakini ikumbukwe kwamba Parker aliondoka na santuri akiwa ameshapata aibu ya jukwaani, na alirudi jukwaani baada ya kuzisoma.

Kwa vijana wa Afrika Mashariki kambi hizi za mtandaoni zina maana ya pekee. Vijana wa Ghetto Classics huko Korogocho, Nairobi, mpango ambao umenufaika na mapato ya tamasha la Safaricom Jazz lililoanza mwaka 2014, wanapiga saksafoni na tarumbeta, na Zanzibar kuna Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi tangu 2002. Nauli, viza na ada ya bweni la Marekani viko mbali na uwezo wa familia nyingi za wanafunzi kama hao. Darasa linaloanza New York saa nne asubuhi huwa ni saa kumi na moja jioni Nairobi na Dar es Salaam, saa inayofaa kabisa, ila bando la saa tatu za video kila siku kwa wiki mbili ni gharama nzito, na nyumba ya chumba kimoja haina pembe tulivu ya kupulizia tarumbeta. Chuo kinachowakusanya vijana wanane katika ukumbi wake wenye intaneti nzuri, wakamsikiliza mwalimu wa mbali kupitia skrini moja kisha wakapiga pamoja wakiwa ana kwa ana, kinapata faida za pande zote mbili, na mpango wa namna hiyo unastahili kuungwa mkono kuliko kumwacha kila kijana apambane na simu yake.

Mzazi anayetaka kumwandikisha mwanawe katika kambi ya mtandaoni aulize kwanza kundi lina wanafunzi wangapi, mwalimu atamsikiliza kila mmoja akipiga peke yake mara ngapi kwa wiki, na kama wapo watu wazima wawili katika kila kipindi kwa ajili ya usalama wa watoto. Akiambiwa kwamba vijana walioko katika mabara tofauti watapiga pamoja moja kwa moja, na asilipe.