Kinu cha Upepo Hakifi kwa Uzee

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Mpenzi msomaji, methali hii twaiandika katika insha kila muhula, twapata alama, kisha twaisahau. Mimi nilikuja kuielewa barabara siku nilipopanda na baba mdogo hadi mgongo wa kilima kilicho nyuma ya kwetu, penye mnara wa chuma ambao gurudumu lake halikuwa limezunguka tangu nikiwa darasa la pili. Mnara huo ni wa pampu ya upepo. Sisi watoto tulizoea kuupanda kutafuta viota vya ndege na wazee wakitugombeza. Hakuna aliyeukumbuka tena kama kitu cha maji.

Kabla sijaeleza yaliyoupata, afadhali tujue mitambo hii ilitoka wapi.

Vinu vya upepo vya zamani sana vilijengwa Uajemi, nchi ambayo leo yaitwa Iran, zaidi ya miaka 1,000 iliyopita. Vilisaga nafaka. Katika kijiji cha Nashtifan vingine vingali vimesimama, vya udongo na mbao. Huko Ulaya vilianza kuonekana katika karne ya 12, navyo aghalabu viliwekwa juu ya vilima ambako hakuna miti wala nyumba za kuzuia upepo. Mkulima alibeba ngano yake akapanda nayo kilimani, akashuka na unga.

Pampu ya upepo ni ndugu ya kinu hicho, lakini kazi yake ni nyingine. Mwaka wa 1854 huko Marekani, Daniel Halladay alibuni gurudumu lililojigeuza lenyewe kuufuata upepo na kujipunguza mwendo upepo ukizidi. Mitambo ya namna hiyo ilienea katika mashamba makubwa ya mifugo, hata ikaletwa Afrika. Hapa Kenya, kiwanda cha Bobs Harries huko Thika kilianza kutengeneza pampu yake mwishoni mwa miaka ya 1970, kikishirikiana na wataalamu kutoka Uingereza. Pampu hiyo ikapewa jina zuri la Kiswahili: Kijito. Magurudumu yake yalitengenezwa kwa ukubwa mbalimbali.

Sasa, inafanyaje kazi? Tazama juu ya mnara. Kuna gurudumu lenye mapanga mengi ya bati, na nyuma yake mkia. Mkia huo ndio unaoligeuza gurudumu liukabili upepo. Gurudumu likizunguka, huivuta fimbo ndefu ya chuma juu na chini, juu na chini, kama mama anayetwanga muthokoi kwenye kinu. Fimbo hiyo hushuka ndani ya bomba mpaka chini kabisa majini. Huko kuna pistoni iliyovikwa ngozi za duara, kila moja mfano wa kikombe kidogo. Pistoni ikipanda, ngozi hubana ukuta wa bomba na kuyasukuma maji juu. Ikishuka, kilango kidogo hufunguka na maji mengine yakaingia. Basi ni hivyo tu, usiku na mchana, bila dizeli wala stima.

Kuna jambo mwalimu wa fizikia alitueleza ambalo lilinishangaza. Upepo ukiongezeka kasi mara 2, nguvu yake haiongezeki mara 2, huongezeka mara 8, yaani 2 mara 2 mara 2. Ndiyo sababu mnara huwekwa mrefu, na ndiyo sababu vinu vya kusaga viliwekwa kileleni. Lakini pampu haina uhuru huo. Lazima isimame juu ya kisima chenyewe, na maji hayapatikani kileleni. Kwa hiyo mwenye kuijenga hutafuta mahali penye maji ambapo upepo nao hautazibwa. Wetu ulipata mahali pazuri, kwenye mgongo wa chini wa kilima, palipo wazi upande wa mashariki.

Kama mahali ni pazuri, mbona ulikufa?

Sisi tulidhani umezeeka. Wengine walisema eti kisima kimekauka. Ukweli tuliupata mwaka jana, mvua za Machi zilipokosa kutosha. Maji yetu hutoka kwenye mchanga wa mto mkavu. Unachimba shimo, unangoja maji yatiririke, unayateka kwa kata kidogo kidogo mpaka jerikani ya lita 20 ijae. Kufikia Agosti shimo lilikuwa limemzidi mtu kimo. Siku moja kingo zake ziliporomoka zikamfunika susu yangu (ndivyo tunavyomwita nyanya sisi Wakamba) mpaka kiunoni. Alivutwa akatoka mzima, lakini mguu ulimuuma mwezi mzima. Jioni hiyo baba mdogo alisema, "Huu mnara tunautazama tu, na mama zetu wanazikwa kwenye mchanga?"

Akaitisha mwethya. Msomaji usiyetoka Ukambani, mwethya ni kikundi cha majirani wanaofanya kazi kwa zamu, leo kwangu, kesho kwako. Matuta mengi ya kuzuia mmomonyoko unayoyaona milimani Makueni na Kitui yalichimbwa na mwethya. Kila boma lilitoa Sh100, akatafutwa fundi mzee aliyewahi kutengeneza pampu za namna hiyo. Wanaume wanane waliivuta fimbo kutoka kisimani, kipande baada ya kipande, kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Mwisho pistoni ikatoka. Fundi aliishika, akacheka kidogo, akatuonyesha. Zile ngozi zilikuwa zimelika zikabaki kama karatasi.

Hilo tu! Maji yalikuwa yangaliko. Gurudumu lilikuwa zima, ila lilikauka mafuta, bolti tatu zilikuwa zimeanguka na panga moja limepinda. Watu walinyamaza. Miaka yote hiyo tuliyokwenda mtoni na punda ilitokana na ngozi mbili ambazo bei yake haifiki ya mbuzi mmoja. Waliochaguliwa zamani kuutunza mtambo walihama au walifariki, na sisi wengine tukadhani ni kazi ya waliouleta.

Jambo hili si la Ukambani peke yake. Huko Uingereza, juu ya kilima cha kijiji cha Clayton, kuna kinu cha upepo cha mbao kiitwacho Jill. Kilijengwa mwaka wa 1821 katika mji wa Brighton, na mwaka wa 1852 kikahamishwa kizima kwa kukokotwa na ng'ombe mpaka kilimani. Kiliacha kusaga mwanzoni mwa karne ya 20, kikaachwa kioze. Mwaka wa 1978 watu wa kujitolea walianza kukitengeneza, na mwaka wa 1986 kikasaga tena. Mwaka uliofuata, mwezi wa Oktoba, ilikuja dhoruba kali. Mabawa yakazunguka kwa nguvu ilhali breki imefungwa, msuguano ukawasha moto. Kilipona kwa kuwa wale wale waliokitengeneza walikimbia usiku huo huo kwenda kukizima. Nadhani hilo ndilo somo kubwa kuliko lile la mbao na misumari.

Kuna wanaouliza, mbona mjisumbue na upepo na siku hizi kuna pampu za sola? Ni swali la haki. Sola imekuwa rahisi, na mahali pengi yafaa kuliko upepo. Na upepo wenyewe haujapitwa na wakati, maana huko Marsabit mitambo 365 inazalisha umeme wa megawati 310. Lakini hata sola ina nyaya na pampu, na siku itakayoharibika itahitaji mtu wa kuijali. Asiyeweza kununua ngozi mbili atawezaje kununua mota?

Maji yalitoka Jumamosi jioni, kwanza mekundu kwa kutu, halafu meupe. Susu alikuja na jerikani yake akichechemea, akanawa uso, akaketi chini ya mnara bila kusema neno.

Sasa tuna daftari lililoandikwa tarehe za kutia grisi na kukaza bolti. Wasichana wawili na wavulana wawili tulifundishwa kupanda na spana. Mimi ni mmoja wao, na zamu yangu ni Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi. Ewe msomaji, kama kwenu kuna mtambo uliolala, usingoje aliyeuleta arudi. Uliza kwanza ni nini kimelika. Huenda ni ufa mdogo tu.