Nyumba Chini ya Jakaranda: Soma Hii Kabla Hujatuma Kodi ya Nairobi

Mwezi wa nane mwaka huu, mara tu baada ya kipindi cha asubuhi, simu ya studio iliita. Alikuwa mzee mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, mkulima wa mahindi.

"Binti yangu," akasema, "mtoto wangu wa tatu ameitwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Sasa kuna mtu ametutumia picha za nyumba kwa WhatsApp. Iko Kileleshwa, karibu na chuo, imezungukwa na miti. Anasema chumba ni shilingi elfu sita kwa mwezi, lakini tutume elfu kumi na mbili leo, la sivyo kitachukuliwa. Nitume?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, usitume hata shilingi. Nitakueleza ni kwa nini."

Yale niliyomweleza ndiyo haya. Nimeyaandika kwa sababu kila mwaka wakati wa kujiunga na vyuo, wazazi wengi hupigiwa simu kama ile. Ukielewa historia ya mtaa ule, utajua mwenyewe kwamba bei ya elfu sita haiwezi kuwa ya kweli.

Mtaa wenyewe uko wapi

Chuo Kikuu cha Nairobi kina kampasi kadhaa. Kampasi kuu iko pembeni mwa katikati ya jiji, ng'ambo ya barabara ya University Way. Ukitoka hapo ukafuata State House Road, unapanda mlima polepole ukipita hosteli za wanafunzi. Kadiri unavyopanda ndivyo kelele za matatu zinavyopungua na miti inavyoongezeka. Mbele kidogo ni Ikulu, na jirani yake kuna msitu mdogo wa jiji unaoitwa Nairobi Arboretum. Upande wa chini, kuelekea Westlands, iko kampasi ya Chiromo. Ukiendelea magharibi unaingia Kileleshwa na Kilimani.

Hii ndiyo sehemu ya Nairobi inayoonekana kwenye picha nyingi: nyumba za zamani za vigae, nyua pana, ua wa michongoma, na jakaranda zinazomwaga maua ya zambarau barabarani kuanzia mwezi wa tisa.

Kwa nini miti iko huku, na si kule

Wengi hudhani ni bahati tu. Sivyo.

Nairobi ilianza mwaka 1899 kama kituo cha reli iliyotoka Mombasa. Jina lake limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Mahali penyewe palikuwa tambarare yenye kinamasi. Mkulima ataelewa haraka nikisema hivi: upande wa mashariki na kusini ni udongo mweusi wa kunata, unaojaa maji wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Upande wa magharibi na kaskazini ardhi imeinuka, udongo ni mwekundu, maji yanapita, na mti ukipandwa unashika.

Wakuu wa reli na wa serikali ya kikoloni walichagua mlimani. Baada ya hapo, mgawanyo ukawa wa rangi. Wazungu walipewa sehemu za juu zenye ubaridi na viwanja vikubwa. Wahindi walikaa karibu na maduka na katika mitaa kama Ngara. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye mitaa kama Pumwani na Kariakor. Jina hilo la Kariakor limetokana na kikosi cha wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba kipande, na usiku hakuruhusiwa kukaa mlimani isipokuwa kama mtumishi wa nyumba, akilala kwenye chumba kidogo nyuma ya nyumba kubwa.

Kwa hiyo kivuli unachokiona leo kilipangwa. Kiwanja kikubwa kwa familia moja kiliacha nafasi ya miti mirefu. Kule mashariki familia nyingi zilibanwa pahali padogo, na mti ungesimama wapi?

Hata Arboretum haikuanzishwa kwa ajili ya matembezi. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti inayokua haraka, kwa sababu magarimoshi ya wakati ule yalikula kuni kwa wingi mno. Miti ya kigeni, ikiwemo mikaratusi, ilijaribiwa hapo. Miti iliyoletwa kwa ajili ya tanuri la garimoshi sasa ndiyo watu wa jiji wanakwenda kupumzika chini yake.

Mtaa huu una kumbukumbu nyingine pia. Kando ya kampasi kuu kuna barabara ya Harry Thuku. Mnamo Machi 1922 Thuku alikamatwa kwa kupinga kipande na kodi ya kikoloni. Umati ulikusanyika nje ya kituo cha polisi kudai aachiliwe, na Muthoni Nyanjiru alikuwa mbele akiwahimiza wanaume wasirudi nyuma. Polisi walifyatua risasi. Muthoni aliuawa, pamoja na watu wengine wengi. Mwanafunzi anayepita pale asubuhi akiwahi darasa anapita mahali watu walipokufa wakidai haki ya kuwa huru katika mji huo huo.

Rangi ilipoondoka, bei ilishika zamu

Uhuru ulipopatikana mwaka 1963, sheria za ubaguzi zilikwisha. Mkenya yeyote angeweza kuishi Kileleshwa, mradi awe na pesa au kazi serikalini yenye nyumba. Viwanja vilibaki vikubwa, na eneo likabaki karibu na jiji, hewa safi na barabara nzuri. Vitu hivyo vikikusanyika mahali pamoja, bei hupanda.

Katika miaka ya karibuni nyumba nyingi za zamani zimebomolewa na maghorofa yamejengwa. Palipokuwa na familia moja na miti ishirini, sasa kuna familia hamsini na maegesho ya saruji. Wakazi wanalalamika kwamba maji na mabomba ya majitaka hayakuongezwa kwa kasi hiyo. Lakini hata kwenye maghorofa hayo, kodi ya nyumba ya kawaida hufika makumi ya maelfu ya shilingi kwa mwezi. Wanaoishi humo ni wenye mishahara mikubwa, wafanyabiashara na wafanyakazi wa mashirika.

Sasa rudi kwenye ile bei ya elfu sita. Nani atakuachia chumba kizuri kwenye ardhi kama hiyo kwa pesa hizo? Hakuna. Picha zilikuwa za nyumba ya kweli, lakini aliyezituma hakuwa na ufunguo wake.

Najua kwa sababu nimewahi kulizwa vivyo hivyo. Nilipokwenda Nairobi kusomea cheti cha utangazaji, nilimtumia dalali shilingi elfu nne na mia tano za "kushikilia chumba." Nilifika na begi na godoro la kukunja, nikabisha geti. Mlinzi alitoka, akaniangalia, akasema, "Dada, wewe ni wa tatu wiki hii. Hapa hakuna chumba cha kukodisha." Namba ya dalali ilikuwa imezimwa. Zile pesa mama aliuza kuku na debe mbili za maharagwe kuzipata. Sikumwambia hadi nilipopata kazi.

Basi wanafunzi wanalala wapi?

Chaguo la kwanza liwe hosteli za chuo. Ni za bei nafuu kuliko nyumba za nje, na mwanafunzi anatembea kwa miguu hadi darasani. Nafasi huombwa kupitia tovuti ya chuo kwa namba ya usajili ya mwanafunzi, na huisha haraka. Barua ya kuitwa ikifika, suala la hosteli lishughulikiwe wiki hiyo hiyo.

Akikosa, wengi hupanga Ngara na Pangani, ambako mtu anaweza kutembea hadi kampasi kuu. Wa Chiromo hukaa pia Kangemi au Kawangware, wakipanda matatu asubuhi. Hutafuta chumba au bedsita na kugawana kodi, wawili au watatu. Si chini ya jakaranda, lakini kuna mama mboga, kibanda cha chai, na majirani watakaoona kama mtoto wako hajatoka nje siku mbili.

Kumbuka gharama zisizoandikwa kwenye kodi: maji, ambayo hukatika na kununuliwa kwa mtungi, tokeni za stima, taka, na nauli, ambayo hupanda mvua ikinyesha. Chumba cha bei ya chini kilicho mbali kinaweza kuishia kuwa ghali kuliko cha karibu.

Kivuli ambacho kila mtu anaweza kukipata

Mtoto wako huenda asiishi kwenye mtaa wa miti, lakini miti yenyewe hajafungiwa. Arboretum iko takriban kilomita tatu kutoka katikati ya jiji na inasimamiwa na Huduma ya Misitu ya Kenya. Kuna kiingilio; mwambie aulize bei na njia ya kulipa kabla ya kutoka. Ndani kuna njia za kutembea, nyasi za kukaa, na zaidi ya aina mia tatu za miti. Utakuta wanafunzi wanasoma, wengine wanakimbia, na wengine wanaomba kwa sauti peke yao chini ya mti. Mimi nilifanyia mazoezi ya kusoma taarifa ya habari pale, tumbiri wakiwa wasikilizaji wangu wa kwanza.

Mwonye kuhusu hao tumbiri: mfuko wa chakula ukionekana, umeenda. Mwonye pia asipige picha kuelekea Ikulu, kwa sababu ni jirani na askari hawana mzaha. Na asikae humo hadi giza liingie.

Miti hii ilipiganiwa

Kuna mtu anayepaswa kutajwa hapa. Profesa Wangari Maathai, mtoto wa wakulima wa Nyeri, alifundisha masomo ya mifugo katika chuo hiki na akapata shahada ya uzamifu mwaka 1971. Mwaka 1977 alianzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani, akiwalipa wanawake wa vijijini kidogo kwa kila mche uliopona. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, bustani ya umma iliyo karibu na chuo. Maathai aliandika barua baada ya barua. Alitukanwa hadi bungeni. Lakini waliotaka kutoa pesa walirudi nyuma, na jumba halikujengwa. Mwaka 2004 alipata Tuzo ya Amani ya Nobel.

Mwezi Novemba 2020, mti mkubwa wa mugumo kando ya Waiyaki Way huko Westlands ulikuwa uondolewe kupisha barabara ya juu. Wananchi walipiga kelele, na serikali ikatangaza kwamba mti utabaki. Kwa hiyo miti iliyobaki mjini haikubaki yenyewe. Mtu fulani alikataa ikatwe. Senta yetu hapa nayo inapanuka, na viwanja vinapimwa. Tukigawa kila kipande bila kuacha hata pa kupanda miti kumi, wajukuu wetu watalipa nauli kwenda kutafuta kivuli.

Kabla hujatuma pesa ya nyumba

1. Usitume pesa kwa nyumba ambayo wewe, mtoto au mtu unayemwamini hajaingia ndani. Picha na video si nyumba.
2. Anayesema "tuma sasa hivi au itachukuliwa" anataka usifikiri. Mwache aende.
3. Uliza majirani bei za mtaa ule. Ikiwa nyumba ni ya bei ya chini mno kuliko zote, kuna jambo.
4. Ongea na mlinzi au msimamizi wa ploti. Yeye ndiye anajua chumba kipi kiko wazi.
5. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lilingane na jina la mwenye nyumba au ajenti aliyeandikwa kwenye mkataba.
6. Dai risiti na mkataba unaosema dipoziti itarudishwa lini na kwa masharti gani.
7. Tafuta mwanafunzi kutoka kwenu aliye mwaka wa pili au wa tatu. Ushauri wake ni bora kuliko wa dalali yeyote.
8. Ukishatapeliwa, piga simu kwa kampuni ya simu mara moja, kisha uripoti kituo cha polisi ukiwa na ujumbe wa malipo.

Mzee wetu hakutuma pesa. Binti yake alikosa hosteli muhula huu, na sasa anakaa Ngara na wenzake wawili. Mwezi wa kumi mzee alinipigia tena. Akasema mtoto amemtumia picha ya barabara iliyofunikwa maua ya zambarau, na mama yake ameuliza kama kule Nairobi huwa hawafagii.

Ikiwa una swali kuhusu safari ya mtoto wako chuoni, tutumie ujumbe mfupi wakati wa kipindi cha asubuhi. Ukitumiwa picha za nyumba nzuri kwa bei nzuri, tuulize kwanza.