Mlinzi wa Mitambo Naye Ahitaji Matunzo

Katika afisi nyingi imezoeleka kauli moja ambayo yafaa itazamwe kwa makini: kwamba mtambo wa kompyuta ukishajaribiwa na kuonekana unafanya kazi, basi shughuli imekwisha. Hati hutiwa saini, mkandarasi hulipwa haki yake, na watu huagana kwa furaha. Mwaka wa pili, fundi anapoomba fungu dogo la fedha kwa ajili ya kuyatunza majaribio ya mtambo huo, huulizwa: "Kwani hamkuujaribu mwaka jana?" Swali hilo si la mzaha. Muulizaji ana dhamana ya fedha za wananchi, na ni wajibu wake kujua zinakwenda wapi. Lakini jibu lake lahitaji maelezo, na hatuoni mahali pazuri pa kuyapata kuliko kwa watengenezaji wa Linux, ambao jambo hili ni mzigo wao wa kila siku.

Linux ni kiini cha mfumo wa kuendeshea kompyuta, kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki, nchini Finland. Simu za Android, ambazo wengi wetu twatembea nazo mifukoni, zimejengwa juu ya kiini hicho, na sehemu kubwa ya seva zinazobeba huduma za intaneti duniani huendeshwa nacho. Hata hivyo kiini peke yake hakimfai mtu, kama vile mkuku peke yake usivyoweza kuitwa jahazi. Hapana budi ziongezwe programu za kuandikia, za kuhesabia, za kulinda siri na za kuwasiliana, kisha zote zifungwe pamoja zielewane. Mkusanyo uliofungwa hivyo ndio unaomfikia mtumiaji, na ipo mikusanyo mingi: Debian, Ubuntu, Fedora, openSUSE na mingineyo.

Tuutwae Debian kuwa mfano. Ulianzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, na hadi leo hutengenezwa na watu wa kujitolea walioenea pande zote za dunia. Toleo lake la 13, lililotoka Agosti 2025, lina vifurushi vya programu karibu 70,000, navyo hutakiwa vifanye kazi katika aina 7 za mitambo. Kila kifurushi hutegemea vingine, na hivyo vingine navyo vina tegemeo lao. Mtu akibadili kimoja asubuhi, huenda akawa amekiharibu kingine ambacho hata jina lake hajapata kulisikia. Hakuna binadamu, wala kundi la binadamu, awezaye kuyakagua mabadiliko hayo yote kwa macho yake.

Kwa sababu hiyo wamebuniwa walinzi wasiosinzia, yaani majaribio yanayojiendesha yenyewe. Pamoja na kifurushi huwekwa maagizo mafupi: iwashe programu hii, ipe kazi hii, tazama kama jibu lake ni hili. Kifurushi kipya kinapoletwa, hakiingizwi moja kwa moja katika akiba itakayokuwa toleo thabiti. Hukalishwa kwanza barazani, kama mgeni, kwa siku kadhaa. Katika muda huo kompyuta huyaendesha majaribio yake, na pia majaribio ya vifurushi vingine vinavyokitegemea. Yakifaulu, muda wa kungoja huweza kupunguzwa. Jaribio lililokuwa likifaulu jana likishindwa leo kwa ajili ya mgeni huyo, mlango hufungwa mpaka sababu ijulikane.

Wenzao wa openSUSE wana mtambo uitwao openQA, ambao hutumiwa pia na Fedora. Huo hujifanya mtumiaji. Hufungua kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta halisi, hubonyeza vitufe, huusimika mfumo mzima tangu mwanzo, kisha hupiga picha ya kioo na kuilinganisha na picha za mfano zilizohifadhiwa, ambazo mafundi huziita sindano. Picha zikilingana, kazi huendelea; zisipolingana, mtambo hutoa taarifa ya kushindwa. Mkusanyo uitwao Tumbleweed, ambao hupokea programu mpya mfululizo, hupimwa kwa sindano hizo kabla haujawafikia watu.

Hapa ndipo linapoingia swali la muulizaji wetu. Tuseme wachoraji wamebadili rangi ya kitufe au umbo la herufi. Programu ni nzima, lakini sindano ya zamani haifanani tena na kinachoonekana, na jaribio linashindwa. Lazima mtu akae, azitazame picha mbili, aamue: je, hii ni hitilafu, au mambo yamebadilika na kipimo kimebaki nyuma? Akiona ni badiliko la halali, hutengeneza sindano mpya. Akikosea, amemfundisha mlinzi kumkaribisha mwizi. Mbali na hayo, jaribio huweza kushindwa kwa kuwa mtandao ulizorota, au kompyuta ya kujaribia ilielemewa na kazi. Basi kilio cha jaribio aghalabu huwa na maana moja kati ya tatu: programu ni mbovu, kipimo kimezeeka, au mazingira ya jaribio yameyumba. Mashine haiwezi kuzipambanua kwa yakini. Hiyo ni kazi ya binadamu, nayo hurudi kila siku, kwa sababu programu hubadilika kila siku.

Majaribio ya namna hii ya tatu, yanayofaulu leo na kushindwa kesho bila ya kuguswa chochote, ndiyo yanayowachosha mafundi kupita kiasi, na madhara yake hayaishii katika saa zinazopotea. Kengele inayolia kila usiku pasipo mwizi huwazoesha wenye nyumba kujifunika shuka na kulala. Siku mwizi anapokuja kweli, kengele hulia kama kawaida yake, nao hulala kama kawaida yao. Debian wameweka alama maalumu ya kulitambulisha jaribio lisilotulia, ili kushindwa kwake kusikizuie kifurushi. Hatua hiyo ni ya busara kwa muda. Lakini jaribio likiachwa na alama hiyo mwaka baada ya mwaka, huwa limegeuka pambo.

Pengine msomaji ataona kwamba twatia chumvi. Natuyaangalie matukio mawili yaliyotokea kweli.

Mwaka 2006 mtunzaji mmoja wa Debian alikuwa akiishughulikia OpenSSL, programu inayotengeneza funguo za siri ambazo kwazo kompyuta hutambuana. Chombo cha ukaguzi kiitwacho Valgrind kilikuwa kikilalamika juu ya mistari miwili ya programu hiyo. Mistari ikaondolewa, na malalamiko yakanyamaza. Kumbe mmoja kati ya mistari hiyo ndio uliokuwa ukiingiza mchanganyiko usiobashirika, ambao bila yake ufunguo hauwi siri tena. Kilichobaki ni nambari ambayo kompyuta huipa kila kazi inayoendeshwa, na kwa hiyo funguo zilizoweza kutengenezwa zikawa takriban 32,000 tu kwa kila aina na ukubwa, kadiri ambayo mtu mwenye nia mbaya aliweza kuijaribu yote. Hali hiyo ilidumu mpaka Mei 2008, ilipotangazwa baada ya kugunduliwa na Luciano Bello. Katika muda wote huo funguo zilitengenezwa, milango ilifunguka, watu walifanya kazi zao, na hapakuwa na dalili ya maradhi. Waliotumia Debian, na Ubuntu ambayo imetokana nayo, walilazimika kuzitupa funguo zao na kutengeneza nyingine. Mficha maradhi, walisema wazee, kilio kitamfichua.

Tukio la pili ni la Machi 2024. Katika programu ya kubania mafaili iitwayo XZ Utils, mtu aliyejiita Jia Tan alifanya kazi nzuri kwa zaidi ya miaka miwili mpaka akaaminiwa. Mtunzaji wa asili wa programu hiyo alikuwa akiibeba kwa kujitolea, na msaada wa mtu mwenye bidii ulikuwa neema kwake. Kisha katika matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ukapenyezwa mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Ulifichwa wapi? Ulifichwa ndani ya mafaili ya majaribio, mahali ambapo wakaguzi hawatazami sana, kwa kuwa huaminiwa kuwa ni vipimo tu. Matoleo hayo yakaingia katika akiba za majaribio za Debian na Fedora, na katika Tumbleweed pia. Walinzi wasiosinzia waliyapitisha.

Aliyeugundua ni mhandisi Andres Freund, aliyekuwa akipima mwendo wa programu nyingine kabisa. Aliona kuingia katika kompyuta kwa njia ya SSH kunachelewa kwa karibu nusu ya sekunde. Akakumbuka kwamba wiki chache nyuma, katika majaribio yanayojiendesha, alipata kuyaona malalamiko ya ajabu ya Valgrind. Akayaunganisha mawili hayo, akafuatilia, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Mlango huo ulizibwa kabla haujaingia katika toleo thabiti la Debian.

Yafaa matukio haya mawili yawekwe bega kwa bega. Chombo kilicholalamika ni kile kile. Mara ya kwanza malalamiko yalinyamazishwa na aliyekuwa na nia njema, na gharama yake ikawa karibu miaka miwili ya funguo mbovu. Mara ya pili mwenye nia mbaya naye alijaribu kuyanyamazisha katika toleo la 5.6.1, lakini alikuwapo mtu mmoja aliyeyasikia na kuyakumbuka. Katika habari zote mbili mashine ilifanya wajibu wake. Tofauti ilitoka kwa binadamu aliyekuwa upande wa pili wa kengele.

Wapo watakaosema kwamba ikiwa majaribio ya openSUSE na Debian hayakuushika mlango wa XZ, basi hayana faida na fedha zake ni bora ziende kwingine. La hasha. Jaribio hushika kile tu kilichofikiriwa na aliyeliandika, na kazi hiyo huifanya mchana na usiku, likizuia makosa mengi madogo ambayo, kama yangepita, yasingemwachia fundi nafasi ya kushangaa juu ya nusu ya sekunde. Aliyezama katika hitilafu mia moja kila asubuhi hawezi kuiona ya mia na moja.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wetu wayazingatie mambo manne. Kwanza, mkataba wa kununua mtambo wowote wa kompyuta useme wazi kwamba majaribio yake ni mali ya afisi, na yatakabidhiwa pamoja na mtambo wenyewe, ili mkandarasi akiondoka asiondoke na macho yetu. Pili, atajwe ofisa ambaye wajibu wake ni kuyasoma matokeo ya majaribio kila siku na kuyatolea hukumu. Kazi isiyo na mwenyewe haifanywi. Tatu, pasiwe na onyo litakalozimwa mpaka sababu iandikwe na mtu wa pili aithibitishe. Nne, fungu la matunzo liwemo katika makadirio ya kila mwaka, wala lisiombwe kama sadaka.

Sisi watu wa visiwani hatuhitaji kwenda mbali kulielewa jambo hili. Hakuna nahodha anayeambiwa kwamba chombo chake kilitiwa kalafati kilipojengwa, basi yatosha. Bahari hufanya kazi yake kila siku juu ya ubao, na kwa hiyo fundi naye hana budi kurudi pwani na pamba yake na nyundo yake. Usipoziba ufa utajenga ukuta; na chombo kikishaanza kuingiza maji katikati ya mkondo, huo si wakati wa kuulizana nani alikikagua mara ya mwisho.

Mwalimu anayengoja mshahara wake, mama anayetafutiwa cheti cha mtoto hospitalini, na mzee anayetaka kuthibitisha mpaka wa shamba lake, hawatakiwi kuijua Valgrind wala openQA. Wanachostahili ni kuhakikishiwa kwamba nyuma ya kioo wanachoonyeshwa yupo mtu anayesikia kengele inapolia. Na vijana wetu wa skuli na vyuo wanaopenda fani hii wajue kwamba Debian na openSUSE huyaweka hadharani matokeo ya majaribio yao, na kila mwenye bidii anaruhusiwa kuyasoma, kutafuta chanzo cha kushindwa na kupendekeza marekebisho. Wakianza huko, watakuwa wamejifunza kazi ambayo afisi zetu zitaihitaji maadamu zinatumia kompyuta.